Farasi Aliyekaa Upande

Tangu Vardges kinyozi ajiunge na klabu ya sataranji ya mji wa Gyumri, hajawahi kumfunga Sedrak mashindanoni. Hata mara moja! Na Sedrak, mwokaji mikate wa ng'ambo ya barabara, hakumwacha asahau. "Jirani, utanifunga lini? Nikishazikwa?"

Jumapili hii Vardges alimkaba kwelikweli. Alikuwa mbele kwa ngome nzima, saa yake ina dakika tele, na mfalme wa Sedrak hana pa kukimbilia. Ilibaki kumsogeza malkia tu, basi.

Lakini yule farasi! Sedrak ana tabia, bwana huyu, ya kumweka farasi wake kimshazari, uso kaelekeza dirishani, nusu ndani ya mraba, nusu nje. Mtu aliyemaliza ujana wake akisawazisha nywele na sharubu za watu atavumilia vipi? Vardges akaangalia kando. Akanywa chai. Akarudi kuangalia. Farasi bado kakaa upande. Mkono ukaenda wenyewe, ukamnyoosha.

"Umegusa," Sedrak akasema.

"Aa! Namweka sawa tu!"

"Hukusema kabla. Ukigusa kete ya mwenzio, unaila. Karibu, jirani, mle."

Mwamuzi, Bi Shushan, akaitwa. Akautazama ubao, akamtazama Vardges kwa huruma. "Ungesema kwanza, Vardges. Sheria unaijua."

Anaijua, ndiyo, na hilo ndilo lililomuuma. Kete pekee iliyoweza kumla farasi yule ilikuwa malkia, na nyuma ya farasi askari wa Sedrak alikuwa akimngoja. Malkia akaenda, akala, akaliwa. Mchezo haukuchukua muda baada ya hapo, Vardges akafungwa tena.

Kesho yake Sedrak akaja kunyolewa, mjukuu wake anabatizwa. "Sharubu zipendeze, bingwa wangu," akasema, akajilaza kitini na kufumba macho.

Bingwa! Vardges akaushika mkasi kwa hasira. Akapunguza sharubu za kulia, za kushoto akaziacha zining'inie. Aende nazo hivyo hivyo kanisani, apigwe picha, mji mzima umcheke! Akaweka mkasi mezani, akamvua shuka.

"Tayari?" Sedrak akauliza, macho bado kafumba.

Vardges akaangalia kando. Akarudi kuangalia.

"Bado," akasema kwa uchungu, akamfunga tena shuka na kuuchukua mkasi. "Tulia."