Pengwini wa Mwalimu Theodory

Mwalimu Theodory wa Marangu alikuwa hodari wa baiolojia, lakini kwa ujuaji, mama yangu wee! Alisoma habari za pengwini mmoja mkubwa aliyetoweka duniani zamani sana, akaapa kuwaundia wanafunzi kiunzi chake kwa siku ya wazazi. Shule haikuwa na maabara, na serikali ilikuwa imeshasema wazazi wachangie wenyewe.

Mifupa ya kuku aliikataa. "Ndege wa kuruka mifupa yao ina uwazi ndani," aliwaambia wanafunzi. "Pengwini alizamia. Mifupa yake imejaa, na ya bawa imebapa. Hapo ndipo tunapomtenga na wenzake."

Akaokota ya mbuzi buchani, haikutosha. Kahawa ilikuwa imeanguka bei, naye alikuwa akifyeka kona ya kihamba, shamba la ukoo la nyumbani, apande nyanya. Aling'oa masale, ile mimea ya majani marefu ya kuwekea mipaka, yaliyoota pale, akidhani ni mpaka wa zamani. Chini yake akakuta mifupa michache myembamba, imejaa; mingine ilishaoza. Ya mwanambuzi hii, akasema. Akaipiga tupa mpaka ikabapa, akaichanganya na ya buchani, akaifunga waya.

Siku ya wazazi mama yake, Flavia, alisimama mbele ya yule ndege akitabasamu kwa fahari.

"Mifupa yote hii umeitoa wapi, baba?"

"Mingine buchani, mingine nyumbani, chini ya masale ya mpakani."

Tabasamu likamwisha. "Pale si mpakani. Pale amelala Doris, dada yako. Surua ilimchukua wewe hujazaliwa."

Wachagga hupanda masale mpakani, na hupanda kaburini. Flavia hakuwahi kumtaja mtoto yule, uchungu ulimzidi. Lakini na wewe mwalimu, hata kuuliza?

Jioni Theodory alimpigia mama magoti na jani la sale mkononi. Jani hilo likiletwa halikataliwi. Flavia alilipokea akilia, akasema amesamehe. Kisha akatandika kanga sakafuni.

"Nitolee mwanangu."

Theodory alikata waya. Akashika mfupa, akauweka kwenye kanga. Akashika mwingine, akaurudisha wa kwanza. Tupa ilikuwa imekula ncha zote ambazo mtu angetambulia. Bingwa wa kutenga viumbe, akashindwa kumtenga dada yake na mbuzi wa buchani! 

Mama alingoja mpaka akachoka. Akaikusanya yote, akaifunga ndani ya kanga.

"Basi. Chukua jembe."

Wakamzika pengwini mzima mgombani, na Flavia akamwombea kwa jina la Doris.