Uso wa Mkwe wa Dorkas

Dorkas alipojifungua Eliufoo, mtoto wake wa pekee, mama mkwe wake alimlisha makande yaliyolala na kumrudisha shambani kabla mwezi haujaisha. Siku ya kumpeleka mtoto kanisani, wanawake wa hapa Gonja waliona mashavu yaliyobonyea na uso uliosawijika, wakatazamana. Huku kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu, akilishwa ndizi za nyama, maziwa na samli, na siku anapotoka watu huusoma uso wake ili waijue nyumba aliyoolewa. Dorkas aliapa siku ile kwamba mkwe wake, siku atakapompata, hatatoka hivyo.

Alingoja miaka ishirini na tisa. Mumewe alifariki, naye Dorkas akalima tangawizi peke yake kwenye mteremko, akamsomesha mwanawe ufundi wa umeme. Ni mwanamke mwadilifu. Nasema hivyo mapema, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji amdharau, na hastahili dharau. Eliufoo alipomwoa Victoria kisha akarudi kazini Mwanga, alimwachia mama yake mke mjamzito, na Dorkas akaanza kujaza kibuyu cha samli.

Mwezi wa tano wa mimba Victoria alitokwa na madoa. Yalianza mashavuni, yakapanda hadi kwenye paji la uso, rangi yake kama kahawa iliyomwagika kwenye kitambaa. Mstari mweusi nao ulishuka kutoka kitovuni. Mstari ulifichwa na nguo, lakini uso haukufichika.

Jumapili moja, tukiwa nje ya kanisa, Beatha, jirani wa Dorkas, aliuliza kwa sauti ya kusikika, "Mama Eliufoo, huyo mkwe wako unamlisha nini, mkaa?"

"Namlisha kuliko unavyojilisha wewe."

"Basi chakula kinaishia wapi? Usoni hakijafika!"

Tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu na mimi nilikuwepo.

Wiki hiyohiyo Dorkas aliteremka hadi gulioni Same. Mwanamke mmoja alikuwa akichota krimu nyeupe ya kuondoa madoa kutoka kwenye ndoo na kuijaza katika vikopo visivyo na maandishi yoyote.

"Mjamzito anaweza kupaka?" Dorkas aliuliza.

"Mama yangu, wajawazito ndio wateja wangu. Wiki tatu tu, utarudi kuninunulia soda."

Dorkas, ambaye hanunui mbegu ya mahindi bila kuing'ata kwanza, hakuuliza ndani ya ndoo ile mna nini.

Asubuhi na jioni alimpaka mkwe wake kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, inawasha," Victoria alisema siku ya kwanza.

"Vumilia, mwanangu. Siku ya kutoka utanishukuru."

Madoa yalififia. Uso ukang'aa, mashavu yakajaa. Miguu nayo ikajaa, na pete ya ndoa ikabidi itolewe kwa sabuni. Njiani wanawake walimpongeza Dorkas, na Beatha mwenyewe alisalimu amri: "Haya, umenishinda. Huyo sasa anang'aa kama bibi harusi!" Dorkas alitembea kifua mbele. Tulidhani Victoria ananenepa, kumbe alikuwa anavimba. Kwa kuwa sote tulipenda tulichokiona, hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa nane walikwenda kliniki. Muuguzi, binti aitwaye Safia, alimwamkia Dorkas shikamoo, akapima presha na mkojo wa Victoria, kisha akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale.

"Dada, ulipokuja mwezi wa tano ulikuwa na madoa usoni. Yamekwenda wapi?"

Victoria alimtazama mama mkwe wake.

"Madoa ya mimba ni kawaida," Safia aliendelea. "Jua huyazidisha. Tunashauri kofia, kivuli, na mafuta ya kawaida yasiyo na dawa. Mara nyingi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Hayaondoki hivi mimba ikiwa bado tumboni. Unapaka nini?"

"Mafuta ya nazi tu," Dorkas alijibu kwa niaba yake.

Huo ndio uongo pekee ninaoufahamu katika maisha ya Dorkas. Aliusema kwa aibu. Nyumba inayolisha vizuri, alidhani, haipaswi kuhitaji dawa ya kopo.

"Basi sikilizeni. Huu si unene. Presha iko juu na mkojo una protini. Nendeni hospitali leo, msingoje kesho."

Ilikuwa Ijumaa. Njiani Dorkas aliikunja karatasi ya rufaa aliyowaandikia Safia. "Mtoto wa juzi huyu. Hajawahi kuona mjamzito aliyeshiba." Wakakubaliana kwenda Jumatatu.

Jumapili mchana Victoria aliweka sahani chini. "Mama, mtoto hajacheza tangu asubuhi."

Hospitalini alizaliwa mtoto wa kiume, amekwisha kufa. Daktari aliuliza swali lilelile la Safia, na safari hii Dorkas alifungua fundo la khanga akatoa kikopo. Daktari alisema krimu za namna ile mara nyingi huwa na zebaki, sumu inayoharibu figo za mama na kumfikia mtoto tumboni. Hakuweza kuapa kwamba ni krimu peke yake iliyoua.

"Lakini ningeliona kopo hili Ijumaa," alisema, na hakumaliza.

Victoria alipona polepole. Dorkas alimweka ndani miezi yote mitatu kama desturi inavyotaka, akamlisha kwa utaratibu aliopewa hospitali. Kibuyu cha samli kilibaki kimejaa. Krimu ilipoachwa, madoa yalirudi, meusi kuliko mwanzo.

Jumapili ya kutoka ilipofika, Victoria alishika mtandio mlangoni. "Mama, nijifunike uso?"

"Usijifunike. Kama kuna wa kujifunika ni mimi."

Alimvalisha kofia pana ya ukindu kwa ajili ya jua, wakashuka pamoja. Kanisani alimvua kofia na kumketisha mbele, mahali anapokaa mzazi na mtoto. Wakati wa shukrani Dorkas alisimama.

"Mwaka huu mliniambia hongera," alisema. "Uso mliousifu niliupaka sumu. Muuguzi aliniuliza, nikamdanganya. Mjukuu wangu hayupo. Aliyenunua kikopo cha krimu kama ile akipeleke kwa Safia kesho, hata kama ana aibu. Mimi nilikuwa na aibu."

Akaketi, akaiweka kofia mapajani. Beatha alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi vilevile.