Mwiko wa Hobson

Verna Clary wa Brunswick, Virginia, hakuwahi kukisifu chakula kwa adabu tu. Kwa miaka ishirini na tisa mumewe, Hobson, alipika kila Oktoba mchuzi wa nyama wa kuchangia kituo cha zimamoto, na haukuuzwa hata bakuli moja mpaka Verna aonje na kuinamisha kichwa kuukubali. Hobson hakutaka mtu azunguke nyuma ya sufuria, naye Verna aliliheshimu hilo.

Hobson akafa Februari. Oktoba wazimamoto wakamwambia mwiko wa Hobson wa kukorogea mchuzi sasa ni wake, ampe anayefaa. Aliyeutaka ni Dabney, mpwa wa Hobson, akaazimwa kwa siku moja ya kujaribiwa.

Siku hiyo Verna alifika kituoni saa nne asubuhi, na safari hii alizunguka nyuma. Akakuta makopo ya kuku, chupa za kechapu na maboksi ya viazi vya unga. Kuku wa kuchemshwa mpaka aache mfupa, nyanya za shambani, viazi vya kumenywa na kijiji kizima, vyote vimegeuzwa uchafu huu! Dabney alijitetea kwamba gari la kuku liliharibika njiani, na wamenyaji walikuja wawili tu. Kisha akausimamisha mwiko katikati ya sufuria, maana ukisimama wenyewe mchuzi umeiva. Ukasimama wima.

“Hata kwenye zege ungesimama,” Verna alisema. Akauchomoa, akaufuta kwa aproni, akageuka aondoke nao.

“Shangazi, onja kwanza.”

Akaonja akiwa tayari kutema. Ulikuwa mchuzi wa Hobson, haukupungua chumvi wala utamu.

“Nani kakufundisha?”

Dabney alitazama chini. “Mjomba. Alianza makopo tangu bega limshinde kukoroga siku nzima. Akasema wewe usijue.”

“Lini hiyo?”

“Miaka kumi na moja sasa.”

Mara kumi na moja aliinamisha kichwa, mara kumi na moja akamwambia Hobson kitandani kwamba hakuna anayemfikia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msifiaji alikuwa yeye. Sasa kilichomchefua zaidi ni ulimi wake mwenyewe.

Watu kwenye foleni, vyombo mikononi, walikuwa wakikitazama kichwa chake. Hakukiinamisha. Alitema mate nyasini, akamrudishia Dabney mwiko.

“Koroga,” alisema. “Mchuzi unashika chini ya sufuria.”