Jumamosi Tuliyompeleka Mama Kula Piza

Mama yangu alikuwa mkulima wa ndizi na kahawa kule Muleba, juu kidogo ya Rubya, na mpaka anafikisha miaka sitini na nane hakuwa amewahi kukaa hotelini akaletewa chakula na mtu asiyemjua. Si kwamba alikosa nafasi. Mimi ni mtoto wake wa pekee, mwalimu wa sekondari hapa Bukoba mjini, na kila alipokuja kunitembelea nilimwambia twende siku moja tukale nje. Alikuwa akinijibu kwamba chakula cha kununua ni cha wasafiri. Alikuja na ndizi zake na maharage yake, akaingia jikoni kwangu, akapika.

Kwa hiyo nilishangaa alipokubali. Aliyemwomba ni binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba. Alimshika mkono akamwambia, "Bibi, twende ukaonje piza. Ina jibini inayovutika." Mama akacheka, akasema haya, twende, nikaione hiyo inayovutika.

Sehemu yenyewe iko karibu na ziwa, na watu wa mjini wanaipenda. Ukichelewa Jumamosi unakuta meza zimejaa. Tanuri ni la matofali na liko wazi, unamwona mpishi akiingiza piza kwa ubao wenye mpini mrefu na kuitoa ikiwa inachemka juu. Mama alisimama mbele ya tanuri lile muda mrefu, amevaa kitenge chake cha kanisani, kanga begani. Akasema moto ule ungeivisha ndizi za arusi nzima.

Mume wangu aliagiza piza mbili, ya kuku na ya nyama. Mama alichagua kiti cha pembeni kabisa, mbali naye. Kwa watu wa umri wake kule kwetu, mkwe na mama mkwe hawali wakitazamana, na ingawa mume wangu alishamwambia mara nyingi kwamba yeye ni mtoto wake tu, mama hakuizoea habari hiyo. Nilipoona anakata vipande vidogo vidogo na kutafuna kwa muda mrefu, nilidhani ni ile aibu ya mkwe. Nilimwambia, "Mama, kula kwa mkono. Hapa kila mtu anakula kwa mkono." Akaitikia kwa kichwa. Sahani yake ilipungua polepole, nami nikamwongezea kipande kingine.

Ndipo binti yangu akasema, kwa sauti ya mtoto asiyejua kunong'ona, "Mama, bibi hali. Anaficha kwenye kanga."

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Mmoja wao alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu. Nilitazama na kweli, ndani ya kanga, juu ya mapaja ya mama, kulikuwa na vipande vya piza vilivyopangwa vizuri kama vya mtu anayeweka akiba.

Nilimwambia kwa Kihaya, ili wengine wasielewe, ingawa pale karibu wote ni Wahaya na walielewa. "Mama, kama chakula chetu kinakuchukiza ungesema. Unatuaibisha mbele za watu."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Nimejaribu kuyakumbuka vinginevyo, yawe mepesi zaidi, lakini ndivyo yalivyokuwa.

Mama hakukasirika. Alisema, "Nisamehe, mwanangu. Nilitaka nimpelekee jirani yangu naye aonje." Mume wangu, ambaye hapendi mtu aumbuke, alimwita mhudumu haraka akaomba boksi. Mama akavihamisha vile vipande kimoja kimoja. Kisha akainuka, akauliza choo kiko wapi.

Alikawia. Nilisubiri, kisha nikamfuata. Nilimkuta ameinamia sinki la kunawia, mkono mmoja ukutani. Alikuwa akitema maji, na ndani ya maji yale kulikuwa na chembe za mkate alizozitafuna karibu nusu saa nzima bila kuzimeza.

"Mama, una nini?"

Hakugeuka. Aliweka kidole chini ya koo, pale mifupa ya kifua inapoanzia. "Kinakwama hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya kahawa."

Miezi minane. Katika miezi hiyo alikuwa amekuja kwangu mara tatu, amepika, ametupakulia, amekaa nasi mezani, na sikuona kitu. Nilikuwa nimeona amepungua, nikasema ni umri.

Sentensi ile niliijua. Baba yangu alianza hivyo hivyo. Kwanza nyama ilikwama, kisha ndizi, kisha uji, mwishowe mate. Alipelekwa hospitali kubwa Mwanza na hakurudi mzima. Wakati huo mimi nilikuwa chuoni, na aliyemuuguza ni mama peke yake, akilala chini kwenye mkeka kando ya kitanda.

"Mama, unajua ni nini hiki?"

"Najua. Nilimuuguza baba yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifuta mdomo kwa pindo la kanga, taratibu. "Ningekuambia, ungenipeleka Mwanza. Baba yako aliondoka nyumbani anatembea, akarudi kwenye sanduku. Mimi nataka kufia kwangu, ninaona migomba yangu." Kisha akanitazama kwenye kioo cha pale ukutani. "Turudi mezani. Mtoto asijue leo. Ameifurahia sana safari hii."

Tukarudi. Tulikaa pale karibu saa nzima zaidi, na sijawahi kukaa saa ngumu kuliko ile. Mama aliagiza juisi ya pasheni akainywa kwa mafunda madogo, akimsikiliza mjukuu wake akimweleza habari za shule. Mume wangu aliniuliza kwa macho kuna nini, nami nikatazama pembeni. Yule mzazi wa mwanafunzi wangu alipoondoka alipita kutusalimia, na mama akamjibu kwa heshima zote, akamwuliza na habari za kwao.

Nilimpeleka Mwanza. Ni lazima niseme ukweli huu pia. Alikuwa amenieleza wazi anachokitaka, nami nikalia mbele yake siku mbili mpaka akakubali. Alisema, "Nitakwenda kwa ajili yako, siyo kwa ajili yangu." Madaktari walikuwa wema. Walisema ugonjwa umeshaenea na kilichobaki ni kumwekea mpira kooni ili vyakula vya majimaji vipite. Tulikaa huko majuma mawili. Alirudi hai, ingawa alirudi amedhoofika kuliko alivyokwenda, na nilijua kwamba majuma yale mawili niliyachukua kutoka kwenye machache aliyobakiza.

Nikaomba likizo, nikahamia kwake. Huko ndiko nilikomkuta jirani yake, mjane wa rika lake, anaingia asubuhi na mchana na chungu cha uji wa ulezi uliochujwa kwa kitambaa. Nilidhani ameanza baada ya kusikia habari za Mwanza. Siku ya tatu nikagundua kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu mavuno.

Nilimfuata nje nikamwambia kwa hasira, "Ulijua miezi yote hiyo ukanyamaza?"

Aliweka chungu chini. "Aliniomba ninyamaze. Angekuomba wewe, ungekataa?"

"Ningekataa."

"Ndiyo maana hakukuomba wewe," akasema, bila ubaya wowote, akachukua chungu chake akaondoka.

Mume wangu alimleta binti yetu kila mwisho wa juma. Mtoto alikuwa hataki kuingia chumbani kwa bibi. Anasimama mlangoni, ameshika fremu, hasogei. Nilidhani anaogopa wembamba wake. Siku moja akaniuliza, "Bibi anaumwa kwa sababu nilimsema kule hotelini?"

Mama alisikia. Sauti yake ilikuwa imekwisha karibu yote, lakini alimwita akamketisha kitandani. "Sikiliza, mjukuu wangu. Bibi alikuwa na neno limemshinda kusema. Wewe ukamsemea. Umenisaidia." Mtoto akamwuliza, kweli? Mama akasema kweli. Tangu hapo binti yangu akawa anaingia, anamsomea vitabu vyake vya shule, na mama anasinzia akisikiliza.

Nikaona kama mtoto amepata lake, na mimi nipate langu. Jioni ile ile nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia, "Mama, yale maneno niliyokuambia siku ile, nisamehe."

"Maneno gani?" akauliza.

"Kwamba unatuaibisha."

Alifikiri. "Sikumbuki," akasema. Akanishika kichwani, akafumba macho.

Sijui kama kweli hakukumbuka. Mama alikuwa na akili timamu mpaka mwisho. Alikumbuka ni nani aliyeazima jembe na lini. Nadhani alinionea huruma. Ningependa zaidi aseme amenisamehe, kwa sababu aliyesahau hawezi kusamehe, na mimi nikabaki na yale maneno yangu peke yangu.

Alifariki asubuhi moja ya mvua, dirisha likiwa wazi kwa upande wa migomba. Jirani yake alikuwepo, mimi nilikuwa nje nachota maji. Tulimzika kibanjani, katika shamba letu la migomba, kando ya baba.

Siku hizi naenda Rubya mara moja kwa mwezi. Jirani ndiye anayeitunza migomba, anapunguza machipukizi, anakata majani makavu. Tukimaliza kazi tunakaa uani, naye huanza kunisimulia mambo aliyoambiwa na mama wakati wa ule uji: alivyomkimbia mchumba wa kwanza, alivyotamani kuwa mkunga, alivyoogopa maiti ya baba usiku ule alipokaa nayo. Hakuna hata moja nililowahi kulisikia. Namsikiliza mpaka mwisho, namshukuru, namwachia sukari na sabuni nilizomletea. Na njia nzima ya kurudi Bukoba namwonea wivu.