Mstari wa Rika Lake

Darasa la tatu la shule yetu lina ukuta wa mawe meusi, na mawe hayo niliyachonga mimi. Nilikaa machimboni, huku kwetu Oldonyo Sambu, na nyundo na tindo, nikayapasua na kuyasawazisha uso mpaka yakakubali kukaa, kisha nikayapeleka shuleni kwa trekta langu mwenyewe. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilikwenda pale kuomba. Mimi niliishia darasa la pili. Baba alinitoa nikachunge, na kila nilicho nacho leo, nyumba, trekta, ng'ombe, kimetoka kwenye mawe. Kusoma ninasoma kwa kujikokota. Kuandika nimejifunza uzeeni kwa ubishi, na anayetaka kucheka maandishi yangu na acheke.

Mtoto wetu wa mwisho alikuja tukiwa hatumtarajii. Mke wangu alikuwa ameshagawa nguo zote za vichanga, na mimi nilikuwa na wajukuu. Alizaliwa hospitali ya mjini, binti, mwili umelegea, macho yamepanda pembeni, ulimi unachungulia. Daktari mmoja kijana alitukalisha kwenye benchi akatutajia jina la Kizungu la hali ile, dauni sindromu. Nikamwuliza ni ugonjwa gani na dawa yake nini.

"Siyo ugonjwa, mzee. Ndivyo alivyo. Atajifunza, ila polepole."

"Hata mimi nilijifunza polepole," nikamwambia, "na nina trekta."

Mke wangu hakucheka. Alikuwa amemkumbatia mtoto na kumfunika uso kwa khanga, kama anayemkinga na vumbi, na hapo ndani hapakuwa na vumbi.

Nyumbani alikuja kaka yangu mkubwa. Akamtazama mtoto, akanywa chai, akasema, "Mtoto wa namna hii anakaa ndani. Wageni wakija, anakaa chumba cha nyuma. Ndivyo wazee walivyofanya."

"Ukimaliza hiyo chai," nikamwambia, "nenda."

Akamaliza chai, akaenda. Tulikaa muda mrefu bila kusalimiana.

Alipofika umri wa shule nilimvalisha sare mwenyewe, sweta la buluu lililompita mikono, nikamshika mkono tukateremka. Darasa la kwanza lilikuwa na mwalimu mmoja mama wa Kipare, mnene, anayecheka mpaka darasa la pili wanasikia. Alimwuliza binti yangu jina. Binti akalitaja, maana kutaja jina lake alikuwa anajua vizuri, kisha akanyoosha mkono akamshika mwalimu shavu.

"Huyu atakaa mbele," mwalimu akasema. "Lakini mzee wangu, nina watoto zaidi ya themanini humu. Sikuahidi kitu."

"Sijaja kuahidiwa."

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Niliwasikia watoto langoni mwenyewe. "Funga mdomo, nzi wanaingia." Walimwiga anavyotembea. Yeye alicheka pamoja nao, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba alidhani ni mchezo wa wote. Aliyekomesha hakuwa mwalimu wala mimi. Ni mtoto wa mama muuza ndizi wa barabarani, aliyekaa naye dawati moja. Alimchapa mmoja wao kwa rula, akachapwa na mwalimu kwa kosa hilo, akarudi akakaa palepale. Nilipokutana naye njiani nikamsimamisha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mimi si babu yake. Ni baba yake."

Akanitazama kichwani. "Lakini una mvi."

"Mvi siyo dhambi."

"Mimi sijasema dhambi," akasema, akamshika mwenzake mkono wakaenda zao.

Basi zikaja siku njema, na nizitaje maana zilikuwepo. Alijifunza herufi za jina lake, ingawa moja aliigeuza siku zote. Alihesabu mpaka kumi na mbili. Kuanzia hapo alicheka tu. Lakini jambo alilolijua kuliko mtoto yeyote wa shule ile ni mstari. Asubuhi kila darasa linapanga mstari wake mbele ya bendera. Kiranja anatoa amri, na kila mtoto ananyoosha mkono kugusa bega la aliye mbele, ili wapeane nafasi. Wengine wanagusa na kushusha haraka, wanasukumana, wanachekeshana. Binti yangu aliweka kiganja chote juu ya bega la rafiki yake, mkono umenyooka kabisa, uso makini, na hakuushusha mpaka rafiki ageuke amwambie, "Haya, shusha." Nyumbani alimpima mama yake jikoni. Alinipima mimi nikiwa nanywesha mbuzi dawa ya minyoo, nimeinama, nikahisi mkono begani.

"Baba, simama vizuri."

Nikasimama vizuri.

Sasa nieleze jambo la kwetu. Sisi Waarusha mtu hahesabiwi kwa anachokijua. Anahesabiwa kwa rika lake, wale waliokaa jando pamoja naye. Katika rika langu alikuwepo kiziwi mmoja, na mwingine ambaye hata ng'ombe wa baba yake hakuweza kuwahesabu. Ungeweza kumwibia mmoja asubuhi na mwingine jioni. Rika lilipotoka ujana likapanda, nao wakapanda. Tulipokuwa wazee, nao wakawa wazee, wakakaa barazani mahali pao na wakapewa nyama yao. Hakuna aliyewaambia subirini hapo chini mpaka mjue kuhesabu. Jambo hilo lisingeweza hata kuingia kichwani mwa mtu.

Kwa hiyo sikuelewa mwalimu mkuu alipoliingiza.

Ilikuwa mwisho wa darasa la tatu. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule, kwa ajili ya yale mawe. Tulikaa ndani ya darasa lenyewe, kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga mbao. Mwalimu mkuu, mtu mpole, si mtu mbaya, alisema darasa la nne kuna mtihani wa taifa. Akasema kuna watoto watakaobaki nyuma wakariri darasa, na wa kwanza ni binti yangu.

"Mzee, kule mbele masomo yanakuwa mengi. Hatapata kitu. Akibaki na wadogo, mwalimu atamfundisha anachokiweza."

"Anachokiweza ni kuwa na wenzake."

"Shule si ya kuwa na wenzako, mzee. Ni ya kusoma."

Nikasimama nikawaeleza habari ya rika kama nilivyoiandika hapa. Nikawaambia simwombei maksi. Mpeni sifuri kila somo, mpeni sifuri nyekundu, lakini mwacheni apande na wale aliopanga nao mstari toka siku ya kwanza. Mjumbe mmoja, tunafahamiana toka utoto, akacheka.

"Msichana ana rika gani? Rika ni la wanaume."

"Rika ni wale mliokula uji chungu kimoja na mkachapwa fimbo moja."

"Basi hata mbuzi wangu wana rika," akasema, na wajumbe wakacheka, na mimi nikafanya kosa la watu wenye hasira. Nikasema kama ni hivyo, nirudishieni mawe yangu.

Mjumbe yuleyule akapiga ukuta kwa kiganja. "Bomoa basi, mzee. Sisi tutakungoja nje."

Walicheka mpaka mwalimu wa Kipare, aliyewakilisha walimu, akainamisha kichwa kwa aibu. Yeye peke yake aliunyoosha mkono pamoja nami walipopiga kura. Mwalimu mkuu alinisindikiza mpaka langoni akaniambia ipo shule mjini yenye kitengo cha watoto kama yeye, walimu wamesomea. Sikumdharau. Nilimpeleka binti tukaitazama, mke wangu na mimi. Walimu wale ni wazuri, na watoto wale ni wazuri, wengine wana sura yake kabisa kama ndugu. Lakini ilikuwa ya kulala, na yeye muda wote aliuliza rafiki yake yuko dawati gani. Mke wangu akasema hawezi kumwacha pale. Sikubishana naye, na mpaka leo sijui kama alikosea au alipatia.

Januari shule zilipofunguliwa nilimsindikiza. Mistari ikapangwa. Akaenda moja kwa moja nyuma ya rafiki yake, akaweka mkono begani. Mwalimu wa zamu akamshika kiwiko taratibu, akampeleka mstari wa darasa la tatu, nyuma ya mtoto anayemfikia kifuani. Akakaa hapo kwa muda wa wimbo wa taifa. Mwalimu alipogeuka, alirudi.

Kesho yake ikawa hivyo. Na keshokutwa. Hakulia wala hakupigana. Alidhani mwalimu amekosea, na alikuwa anamsaidia kusahihisha. Wadogo wakalifanya mchezo, wakawa wanamwita bibi. "Bibi, mstari wako ule!" Baadaye walimu walichoka. Wakamwacha asimame anapotaka, na kengele ikilia darasa la nne wanaingia, mlango unafungwa, yeye anakaa kwenye ngazi ya nje mpaka mapumziko. Kwa hiyo mwaka ule binti yangu alikwenda shule kila siku na hakuingia darasa lolote. Mwalimu wa Kipare alijaribu kumchukua darasani kwake, lakini alihamishiwa Usa River kabla ya mvua, na miaka iliyofuata ikawa hivyohivyo.

Rafiki alibaki. Mapumziko alimletea nusu ya andazi. Alimwonyesha kitabu. Siwezi kumlaumu kwa lolote. Lakini watoto wanakua, na huyu alianza kukua kwa namna ambayo binti yangu hakukua. Alianza kusimama na wasichana wakubwa, mikono imekunjwa, wanazungumza kwa sauti ya chini. Binti yangu akifika wananyamaza. Siku moja, walipokuwa darasa la sita, nilikuwa nashusha mchanga wa choo cha shule, nikaona. Mstari ulikuwa umepangwa. Binti yangu aliweka mkono begani kama kawaida, na yule mtoto akalishusha bega lake kidogo, likatoka chini ya kiganja. Hakugeuka. Lilikuwa jambo dogo sana, mtu mwingine asingeliona. Mkono wa binti yangu ulibaki hewani. Akasogea hatua, akauweka tena.

Nilimaliza kushusha mchanga. Mke wangu aliponiuliza jioni kwa nini sili, nikamwambia ni jino.

Darasa la saba walipomaliza walifanya sherehe. Nilialikwa, nikapewa kiti cha plastiki mbele na soda. Wahitimu waliingia kwa mstari wakiimba, na binti yangu alikuwa ndani yake, mahali pake, sweta limemkaa vizuri sasa, mkono umenyooka. Hakuna aliyemtoa. Nadhani kwa sababu ya wageni. Wakaitwa mmojammoja kwa jina kupokea vyeti, na kila aliyeitwa alipigiwa makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa yeye. Mstari ukapungua mbele yake. Rafiki akaitwa, akaenda. Binti yangu akabaki amesimama kwenye majani peke yake, ameweka mkono mbele, anangoja jina. Mwalimu mkuu alitazama chini, akasema, "Sasa tunamkaribisha mgeni rasmi."

Niliinuka nikaenda nikasimama mbele yake, nimempa mgongo. Sikujua la kufanya jingine. Akaweka mkono begani kwangu. Nikatembea, naye akanifuata, tukapita mbele ya wageni, tukatoka langoni, na bado hajaushusha. Nilimsikia yule mjumbe aliyenicheka akimwambia mwenzake, "Mwacheni mzee." Hakuwa anacheka siku hiyo.

Rika lake limetawanyika sasa. Baadhi wako sekondari, mmoja anasuka nywele mjini, mmoja ameolewa upesi mno. Rika langu nalizika. Tulikuwa wengi, na tuliobaki tukikutana Ngaramtoni tunatosha benchi moja. Lakini tunakaa kwa mpangilio wetu, na aliyekufa tunaacha nafasi yake kwanza kabla ya kusogea. Yeye rika lake wako hai wote, na hana wa kukaa naye. Siku za wiki ninampeleka machimboni. Anakusanya vipande vidogo na kuvipanga, vinafuatana, na hataki nivikanyage.

Jumapili iliyopita nje ya kanisa tulimkuta mtoto wa muuza ndizi, amerudi likizo, mrefu, amesuka.

"Shikamoo babu," akasema, na safari hii sikumsahihisha.

Binti yangu alikuwa ameshazunguka nyuma yake. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja chote begani, uso makini. Yule msichana alisimama. Hakulishusha bega. Alitazama mbele, upande wa barabara, macho yakamjaa maji, na alikaa hivyo mpaka mama yake alipomwita mara ya pili.

"Haya," akasema, "shusha."

Akashusha.