Isale la Mangi na Geti la Chanika

Baba yangu ni kitukuu wa mangi. Hilo utalijua pale kwake Chanika kabla hujapewa hata maji ya kunywa. Mangi mwenyewe alitawala kipande cha mlima Kilimanjaro kati ya mito miwili, nchi ambayo mtu mwenye haraka angeimaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali. Lakini ukimsikiliza baba, utadhani Wajerumani walivuka bahari kwa ajili yake tu.

Walipofika na mizinga yao, mangi alifanya jambo ambalo kwetu lina akili zote: aliwapelekea isale. Ni jani refu la mmea tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu, unampelekea isale, naye hana ujanja, lazima asamehe. Basi mangi akalifunga fundo, akaongezea kondoo dume, akakaa kusubiri amani. Wajerumani wakamla kondoo. Kesho yake wakachoma boma, na nchi wakampa mangi jirani, ambaye sisi tulikuwa tumezoea kumwibia ng'ombe.

Baba anaiita hiyo busara. Baba mdogo, anayeuza ndizi sokoni Tandale, anaiita ushamba. Pasaka iliyopita alisema mbele ya wageni kwamba babu yao alitaka kuzuia mzinga kwa mboga za majani. Baba akamfukuza, mtori ukiwa bado mezani. Tangu hapo hawakusalimiana.

Ningecheka tu, ila nilikuwa nimechumbiwa. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi, na kwetu wakwe hawapokelewi baba mdogo akiwa hayupo. Baba mdogo aliniambia akiitwa atakuja hata pekupeku, ila haji bila kuitwa. Baba akasema mjukuu wa wafalme hamwiti muuza ndizi. Nilibembeleza wiki nzima. Nililia pia, sioni aibu kusema, maana nilimpenda yule mwanamume na nilikuwa na miaka thelathini na nne.

Ijumaa asubuhi nikakata isale kwenye uzio wetu, karibu na geti, nikalifunga fundo, nikampelekea baba sebuleni.

"Baba mdogo kakuletea," nikasema.

Baba akaligeuzageuza. Ubavuni mwa jani kulikuwa na doa la rangi ya bluu. Geti alilipaka mwenyewe mwezi uliopita, na hakuwa amelipaka kwa uangalifu. Aliliona lile doa, nami nikaona kwamba ameliona.

"Limetoka Tandale hili?"

"Ndiyo, baba."

"Na huko Tandale wana geti la bluu?"

Baba akaliweka mapajani, akalinyoosha kwa kidole gumba.

"Kwenye ukoo wetu jani hili halijakataliwa," akasema mwishowe. "Aliyelikataa ni Mjerumani peke yake."

Akaniomba simu yangu, kwa kuwa kwenye yake namba ya mdogo wake aliifuta siku ileile ya Pasaka. Nikampigia, nikaweka sauti kubwa. Baba akakohoa kwanza.

"Isale lako limefika," akasema. "Kesho uje mapema."

Upande wa pili nikasikia wapagazi wa soko wakiomba njia. Kisha baba mdogo, ambaye hakuwa ametuma hata unyasi, akajibu taratibu, "Nashukuru umelipokea, kaka."