Tetea Mwekundu na Filamu ya Ghalani

Wiki iliyopita binti yangu mkubwa alinionyesha kwenye simu orodha ya filamu za zamani za watoto, zile ambazo eti familia inafaa kukaa na kuziangalia tena pamoja. Nikaipitia kwa mashaka, maana cha bure kwenye simu mimi sikiamini. Nikafika kwenye picha ya msichana aliyesimama na mbuzi wa pembe moja. Ndugu yangu, mbuzi yule nilimwona kijijini kwetu Endasak, ndani ya ghala la ushirika, nikiwa darasa la tatu.

Siku hizo tulikuwa bado mkoa wa Arusha, Manyara haijazaliwa. Wanunuzi wa mahindi na maharage walianza kuja wenyewe na magari yao, na ghala la ushirika likabaki tupu, linanuka magunia na panya. Mfanyabiashara mmoja wa Katesh akaona pa kupatumia. Jumamosi mchana alileta televisheni, deki ya video na jenereta kwenye pikapu, akaziba madirisha kwa maturubai, na mwalimu wetu akasimama pembeni kututafsiria Kiingereza.

Bibi aliyenilea hakupenda hata harufu ya ile petroli. Alikuwa mtu wa kushuku: akiletewa chumvi anaionja kwanza, akisalimiwa vizuri sana anauliza kuna nini. Yeye na wazee wenzake wakatoa sharti kwamba kila filamu ya watoto wataiona kwanza wao, sisi tusubiri Jumamosi inayofuata. Siku walipoiona ile ya mbuzi, bibi alirudi, akanipakulia makande na maziwa mgando, akanitazama nikila mpaka nikahisi nimekosa kitu. Nikamuuliza inahusu nini.

"Mtoto anamtafuta mama yake," akasema. "Kula."

Hapo nikaitaka ile filamu kuliko kitu chochote. Mama yangu alikuwa ameenda Arusha mjini kuuza mitumba, na aliahidi kurudi kabla ya mavuno. Mavuno yalikuwa yamepita, hata salamu hakutuma, na watu wazima walinyamaza kila nilipoingia jikoni.

Jumapili baada ya ibada nikamwona bibi nyuma ya kanisa, ananong'ona na mwalimu. Alikuwa ameshika tetea wetu mwekundu, yule aliyetaga kuliko wote, akamkabidhi. Bibi hakuwa mtu wa kugawa kuku. Nikajua tu kwamba anamhonga mwalimu ili nisiione ile filamu. Wiki nzima nilichota maji na kuchunga ndama nimenuna.

Lakini Jumamosi akaniruhusu, tena akanisindikiza mwenyewe. Nikashuku zaidi. Yule msichana alivuka milima na mbuzi wake kwenye theluji, ambayo sisi tuliidhani ni magadi kama ya Ziwa Balangida, tukamwonea huruma miguu yake. Mwisho akagonga mlango. Mwanamke akafungua, akaongea kwa muda mrefu huku machozi yanamtoka. Mwalimu akatafsiri kwa ufupi: "Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, nilijua utakuja."

Jirani yetu, ambaye alishaiona na wazee, akaguna. "Eh, mwalimu." Bibi akamgeukia, jirani akanyamaza.

Niliona kwamba midomo ya yule mwanamke ilicheza mara nyingi kuliko maneno ya mwalimu. Nikaamua kutoona. Nilimtaka mama. Kila siku ya mnada nilisimama barabarani kutazama mabasi, na shikamoo yangu nimeiweka tayari, mpaka nikamaliza darasa la saba. Mama hakurudi. Alikuwa amepata mume mwingine huko na hakutaka kutafutwa, na bibi alijua tangu mwanzo. Nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima.

Juzi mchana nikakaa sebuleni na binti yangu, tukaiangalia. Nikamsimulia yote, hata tetea. Tulipofika pale anapogonga mlango nikamwambia huyo ndiye mama. Akanitazama kwa mashaka.

"Siyo mama yake. Ni mpangaji tu. Anasema mama yake alihama na mume mwingine, na aliomba asitafutwe."

Nilikasirika, sikufichi. Uongo ule ulinisimamisha barabarani miaka minne. Halafu nikakumbuka kwamba miaka hiyo minne nilikula, nikalala na nikasoma kama mtoto mwenye mama. Bibi na mwalimu sasa wote wamezikwa Endasak, na ghala limebomolewa, matofali yake watu wamejengea mabanda ya ng'ombe. Sina wa kumuuliza, wala wa kumshukuru.

"Kwani mwalimu wenu hakujua Kiingereza?" binti yangu akauliza.

"Alikijua vizuri sana."

Mdogo wake, ambaye hajaanza shule, akaamka na kuitaka naye. Tukaianza upya. Msichana alipogonga mlango nikazima sauti, nikamtafsiria mwenyewe: shikamoo mama, marahaba mwanangu, nilijua utakuja.

Binti yangu mkubwa akaguna. "Eh, mama."

Nikamgeukia, akanyamaza.